Fimbo fupi, fimbo ndefu au tenkara: ipi kwa kijito cha trauti?

Wauzaji husifu fimbo za kuvulia kwa umbali zinaorusha. Kwenye kijito chenye upana wa mita mbili hadi tano sifa hiyo haina kazi, kwa sababu trauti unayemtaka yuko mita nne hadi saba tu kutoka mahali ulipopiga goti. Naye ni trauti aliyezaliwa humo humo, hakufugwa, na kivuli kimoja kikipita juu yake amekwenda zake chini ya jiwe. Kwa uvuvi huu wa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa ionekane kama mdudu, mabishano hurudi kwenye vifaa vitatu:

- Fimbo fupi: futi 6 hadi 7½ (mita 1.8 hadi 2.3), laini, mara nyingi ya faibaglasi, yenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi) na mshipi namba 3.
- Fimbo ndefu: ya kaboni, futi 10 hivi (mita 3), namba 2 au 3, yenye rili, lakini inayovuliwa zaidi kwa uzi mwembamba uliokazwa na nzi wa kuzama.
- Tenkara: fimbo ya asili ya Kijapani, kwa kawaida mita 2.7 hadi 4, inayochomoka kipande ndani ya kipande. Haina rili wala pete za kupitishia mshipi. Mshipi hufungwa kwenye ncha, na urefu wake haubadiliki.

Tukubaliane maneno kwanza. Mshipi ni ule mnene unaotoka kwenye rili (kwa tenkara, unaofungwa kwenye ncha), wenye uzito wa kumbeba nzi asiye na uzito wowote; kwenye mshipi wa rili namba huonyesha uzito huo. Uzi wa kati ndio unaoendelea kutoka mshipi ukipungua unene, na uzi wa ncha ni kile kipande cha mwisho kinachofungwa nzi.

Vigezo vya kupimia

Tutavipima vyote vitatu kwa mambo matano: nafasi ya kurusha, mwendo wa nzi majini, jinsi kifaa kinavyokusaidia kutoonekana, kinachotokea samaki akinasa, na ubebaji pamoja na vinavyoharibika. Mawili ya kwanza yana uzito kuliko yote. Ukikosea hayo, matatu yaliyobaki hayatakuokoa.

Nafasi ya kurusha: paa na kuta

Kiangalie kijito kama nyumba. Matawi yaliyofunika maji kutoka juu ni paa, na vichaka vya kingo mbili ni kuta. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba penye msitu mzito ununue fimbo fupi. Ushauri huo hautenganishi paa na kuta, na ndiyo maana wengi huishia na fimbo isiyolingana na kijito chao.

Paa likiwa chini, tuseme mita mbili juu ya maji, fimbo fupi haina mshindani. Unaipiga kwa ubavu, sambamba na maji, na mshipi unapita chini ya matawi. Lakini si kila fimbo fupi inafaa. Namba ya mshipi hupimwa kwa uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.1. Mshipi namba 3 una gramu 6.5 katika urefu huo. Sasa piga hesabu ya kijitoni: samaki yuko mita sita mbele, fimbo imechukua mita mbili, uzi wa kati na wa ncha mita mbili na robo. Kilichobaki nje ya ncha hakifiki mita mbili za mshipi, na uzito wake haufiki gramu moja na nusu. Fimbo ngumu ya kaboni iliyotengenezwa kupinda kwa gramu sita na nusu haitahisi kitu. Unapiga, mshipi unaanguka miguuni kwako kama rundo. Faibaglasi hupinda kwa uzito mdogo, na hiyo ndiyo faida yake kubwa hapa, kupita hata uimara wake. Kama tayari unayo ya kaboni namba 3, iwekee mshipi namba 4 kabla ya kufikiria kuitupa.

Mambo hugeuka pale paa linapokuwa wazi lakini kuta zimesongamana. Hapo fimbo fupi inakulazimisha uingie majini, nawe ukishaingia kwenye kijito cha mita tatu umewatawanya samaki wote wa kidimbwi hicho. Fimbo ndefu unainyanyua juu ya kichaka ukiwa ukingoni na kumshusha nzi kwenye pengo. Tenkara hufanya vivyo hivyo, tena vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna mshipi mzito unaoning'inia kwenye ncha na kurudi nyuma kwa uzito wake.

Penye paa na kuta pamoja, umebakiwa na mrusho wa upinde. Shika nzi kwenye mkunjo wa ndoano kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ya ndoano ikitazama nje ili isikuchome. Acha mshipi na uzi vitoshe urefu wa fimbo au kasoro kidogo. Vuta nyuma hadi fimbo ipinde, elekeza ncha pale unapotaka, kisha uachie nzi bila kuutikisa mkono wa fimbo. Kosa la kawaida ni kusukuma fimbo mbele wakati wa kuachia, jambo linalompeleka nzi majini nusu ya njia. Vifaa vyote vitatu vinaweza mrusho huu. Wenye tenkara hufika mbali zaidi nao, mradi fimbo yenyewe ipite katikati ya matawi bila kugonga. Zipo tenkara za mita 2.4 na 2.7, na zipo zinazotumika kwa urefu wa namna mbili au tatu. Kwa kijito kinachobadilika kila hatua hamsini, hizo ndizo za kutafuta.

Mwendo wa nzi majini

Trauti wa kijitoni hakai kwenye mkondo mkali. Anakaa pembeni mwake, nyuma ya jiwe au mbele yake, akisubiri maji yamletee chakula. Kati yako na pale alipo hupita ukanda mmoja au miwili ya maji ya kasi. Mshipi ukilala juu ya ukanda huo, unachukuliwa, na nzi aliyetua penye maji tulivu anaanza kuburutwa na kuacha mstari nyuma yake. Mdudu halisi haendi hivyo, na samaki analijua hilo.

Kwa fimbo fupi, muda wa nzi kuelea kihalisi kwenye vidimbwi hivi vya nyuma ya mawe ni sekunde mbili, pengine tatu. Unaweza kuurefusha kwa kunyanyua ncha mara nzi anapotua, au kwa kusogea karibu. Mahali inapong'ara ni kidimbwi kilichotulia chenye urefu wa mita kadhaa. Mshipi unalala kwa upole, uzi wa kati wa futi 7½ unanyooka, na nzi wa kuelea, ndoano namba 14 au 16 (namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo), anateremka kuelekea kwako akiwa huru.

Tenkara ilizaliwa kwa ajili ya maji ya mawe. Kwa fimbo ya mita 3.6, mshipi wa mita 3.3 na uzi wa ncha wa mita moja, unaweza kuunyanyua mshipi wote usiguse maji, ukabaki nzi na sentimita chache za uzi. Sharti ni mshipi uwe mwepesi. Flurokaboni ya unene mmoja, namba 3 au 3.5 kwa kipimo cha Kijapani (namba 3 ni milimita 0.285), hukaa hewani vizuri. Mshipi uliosokotwa hurushwa kwa urahisi zaidi na anayeanza, ila uzito wake huushusha katikati na kumvuta nzi arudi kwako. Udhaifu wa flurokaboni nyembamba ni upepo: ukivuma usoni, nzi hafiki. Panda hadi namba 4, au subiri utulie.

Fimbo ndefu inaongeza jambo ambalo nyingine mbili hulifanya kwa shida: kina. Maji ya chini kabisa huenda polepole kuliko ya juu, na chakula kingi cha trauti kimo huko. Nzi mwenye shanga ya tungsteni ya milimita 2.3 hadi 3, amefungwa kwenye uzi wa ncha wa milimita 0.12 hadi 0.15, huzama haraka kwa sababu uzi mwembamba hauzuiwi sana na maji. Juu ya uzi huo kuna kipande cha uzi wa rangi kali cha sentimita 30 hadi 50, nacho ndicho unachokitazama. Kikisimama, kikiruka au kikienda upande, kaza. Ncha ya fimbo iongoze uzi kwa mwendo wa maji ya chini, wala isiuvute. Ukivuta, nzi hupanda na kupita juu ya samaki. Ukichelewa, uzi unalegea na hutajua amemeza saa ngapi. Nzi akikwama chini kila mara, punguza shanga kwa nusu milimita. Asipogusa chini hata mara moja katika mirusho kumi, ongeza.

Hata hivyo kijito chenye kina cha sentimita 20 hakihitaji haya yote. Nzi mwenye shanga kubwa akitua humo kwa kishindo, samaki wanatawanyika. Kwa kina hicho fimbo ndefu inakubebesha vifaa kwa kazi ambayo nzi mmoja wa kuelea angeimaliza.

Kutoonekana

Mwanga hupinda unapoingia majini, hivyo kila kilicho nje ya maji trauti hukiona kupitia duara lililo juu yake, ndani ya koni ya digrii 97 hivi. Akiwa kina cha sentimita 30, duara hilo lina upana wa sentimita 68 hivi juu ya maji. Akiwa kina cha sentimita 60, linafika mita 1.36. Vitu vilivyo chini karibu na uso wa maji hubanwa pembezoni mwa duara na kuonekana hafifu. Ndiyo maana kupiga goti kuna faida kuliko nguo za rangi ya majani. Tena trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo anayepanda kijito kutoka chini anamjia kwa nyuma.

Fimbo ndefu na tenkara zinakuweka mbali na duara hilo kwa mita moja au zaidi bila kulaza mshipi juu ya samaki. Lakini fimbo ya mita 3.6 ikipunga juu ya kidimbwi siku ya jua ni kivuli kirefu kinachotembea, hasa yenye rangi inayong'aa. Ukiwa na fimbo ndefu, rusha kwa ubavu au kwa mkono mfupi, na ncha isivuke kichwa cha samaki. Fimbo fupi inakulazimisha kusogea, lakini ukishasogea kwa magoti, mikono yako na fimbo vinabaki chini. Kwa mvuvi mvumilivu, kigezo hiki hakiwezi kuamua peke yake.

Samaki akinasa

Trauti wengi wa vijitoni wana sentimita 15 hadi 25. Kwa hao, vifaa vyote vinatosha, na fimbo fupi laini ndiyo inayofurahisha zaidi mkononi. Tofauti hujitokeza pale anaponasa wa sentimita 35 kwenda juu, mwenye kujua kila mzizi wa kidimbwi chake.

Wenye rili wanaweza kumpa uzi. Mwenye tenkara hana cha kumpa, kwa hiyo hutembea. Iweke fimbo ya tenkara kwenye pembe, isielekee samaki moja kwa moja. Ikinyooka kumwelekea, mpindo wote unapotea na uzito unabaki kwenye uzi wa ncha peke yake, nao hukatika. Tumia uzi wa 5X (milimita 0.15) au mwembamba zaidi. Uzi mnene unaonekana kuwa usalama, kumbe unahamishia hatari kwenye ncha ya fimbo, kitu cha gharama kuliko uzi. Akichoka, nyanyua fimbo nyuma ya bega, ukamate mshipi kwa mkono na umvute hadi kwenye wavu. Kama mshipi na uzi wa ncha kwa pamoja vimeipita fimbo kwa zaidi ya mita moja, kumshika huwa kazi ya kuchekesha watazamaji.

Fimbo ndefu yenye ncha laini hulinda uzi mwembamba kuliko zote, na kwa nzi wadogo wenye ndoano namba 16 au 18 huo ni msaada mkubwa. Kasoro yake hujitokeza chini ya paa: huna pa kuinyanyulia, unajikuta umemshika samaki mbali na mkono. Mpeleke pembeni kwa kulaza fimbo.

Kwa kifaa chochote, ibane chembe ya ndoano kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumgusa, na maji yakipita nyuzi joto 20 mwache trauti apumzike, kwani huenda akafa hata ukimwachia vizuri.

Kubeba na vinavyoharibika

Tenkara ikifungwa ina sentimita 50 hadi 60 na hubebwa pamoja na gurudumu dogo la kuzungushia mshipi. Ukihama kidimbwi kwenda kingine kichakani unaikunja kwa sekunde chache. Fimbo fupi huwa vipande viwili hadi vinne, na kwa kuwa ni fupi, wengi hutembea nayo ikiwa imeunganishwa, kishikio kikitangulia mbele na ncha ikifuata nyuma ya mwili ili isichome miti. Fimbo ndefu ndiyo mateso ya msituni. Kila hatua inashika kitu, na uzi mwembamba hujisokota kwenye pete ukilegea.

Ncha ya tenkara huvunjika zaidi wakati wa kufungua na kufunga kuliko wakati wa kuvua. Fungua kuanzia kipande chembamba, vuta kwa mstari ulionyooka, mikono ikiwa karibu na kiungo. Funga kuanzia kipande kinene cha chini, ukisukuma sentimita chache kila mara. Vipande hukwama kwa mchanga au maji yaliyoingia katikati, au kwa kuvutwa kwa nguvu kupita kiasi. Vikaushe kwanza, kisha shika pande zote mbili za kiungo kwa kipande cha mpira na usukume ukizungusha kidogo. Ukirudi nyumbani, toa kifuniko cha chini, uvitoe vipande na kuviacha vikauke vikiwa vimetengana.

Faibaglasi huvumilia kugongwa na mawe kuliko kaboni. Shanga ya tungsteni ikiipiga fimbo ya kaboni wakati wa kurusha huacha ufa usioonekana, na fimbo huvunjika wiki kadhaa baadaye kwa samaki mdogo, mwenyewe akilaumu kiwanda. Nzi akikwama mtini, usimng'oe kwa kupinda fimbo yoyote. Elekeza fimbo kwenye nzi, shika mshipi kwa mkono, vuta moja kwa moja. Na kaboni hupitisha umeme: ikunje radi inapokaribia, wala usiinyanyue chini ya nyaya.

Inamfaa nani

Fimbo fupi inamfaa anayependa kumwona trauti akipanda kumla nzi juu ya maji, anayevua chini ya matawi, na anayetaka kujifunza kurusha ili siku moja avue mito mipana. Itamchosha anayevua maji ya mawe matupu, yenye mikondo mingi inayopishana.

Fimbo ndefu ni ya mwenye subira ya kuusoma uzi na anayevua vijito vyenye vidimbwi vya kina cha nusu mita na zaidi. Kujifunza kwake huchukua muda kuliko nyingine, kwa kuwa miguso mingi ya samaki utadhani ni jiwe.

Tenkara humfaa anayeanza, kwani mrusho wa msingi hujifunzwa kwa saa chache, na pia mzoefu anayepanda milima na mzigo mdogo. Haimfai mwenye kijito kimoja kinachoingia kwenye mto mpana anaoutaka pia.

Kwa hali yako

Maji ya chini ya goti, paa la mita mbili: fimbo fupi ya faibaglasi ya futi 6 au 6½, uzi wa kati wa futi 7½, nzi mmoja wa kuelea.

Mteremko wa mawe, anga wazi: tenkara ya mita 3.3 hadi 3.6, mshipi namba 3.5, uzi wa ncha wa mita moja wa 5X.

Kuta nzito bila paa, vidimbwi vya kina: fimbo ndefu. Ukiwa na tenkara tayari, iongezee nzi mmoja wa shanga ya milimita 2 hadi 2.5 na uzi wa ncha mrefu kidogo, utapata sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kununua fimbo ya pili.

Majira ya baridi au maji yaliyopanda na kuchafuka kidogo: fimbo ndefu tena, kwa kuwa samaki wako chini na hawapandi.

Kijito kinachobadilika kila kona: tenkara ya urefu wa namna mbili au tatu, au fimbo ya futi 7½ namba 3 kwa anayetaka rili.

Samaki wakubwa waliopanda kutoka ziwani: chochote chenye rili.

Kabla ya kulipia chochote, soma kibali cha maji unayoyavua. Baadhi ya maji yana kanuni za idadi ya nzi kwenye uzi mmoja, na mengine hueleza ni vifaa gani vinavyohesabiwa kuwa vya uvuvi wa nzi. Hapo tenkara, au fimbo ndefu isiyo na mshipi wa kawaida, inaweza kujikuta nje ya sheria.